Sauti Yangu Iko Jikoni

Kambini, 4 Mei

Mke wangu,

Mimi mzima, isipokuwa mgongo ambao siku hizi unanikumbusha umri wangu kila nikiinama. Natumaini na huko ni salama, ingawa hilo la usalama ndilo lililonikalisha niandike badala ya kupiga simu. Hapa mtandao unapatikana kilimani tu, nyuma ya tangi la maji, na tunapanga foleni. Aliye nyuma yako anakusikia mpaka unavyokohoa. Barua hii itabebwa na dereva wa lori la vifaa, ambaye mambo yangu hayamhusu.

Nianze na swali dogo. Jumanne iliyopita, saa nne na robo asubuhi, mimi nilikuwa wapi?

Usicheke. Mimi najua nilikuwa wapi. Nilikuwa juu ya nguzo ya daraja na kofia ya kuchomelea usoni, nalaani upepo. Lakini ile spika niliyokununulia Desemba, hiyo Rafiki unayeongea naye, inasema nilikuwa jikoni kwako. Fundi simu alipokuja kuifunga aliisajili kwa namba yangu. Kwa hiyo kila inachoombwa kinaandikwa kwenye simu yangu, na jina la aliyeomba. Sikuwahi kuifungua hiyo orodha. Jumapili nimeifungua kwa kukosa la kufanya, foleni ilikuwa ndefu.

Naona jina lako, weka dakika arobaini, weka dakika kumi, ongeza sauti. Sawa, huyo ni mwoka mikate yuko kazini. Halafu naona jina langu. Jumanne saa nne na robo: "Weka dakika thelathini na tano." Jumanne hiyohiyo, karibu saa tano: "Zima redio." Alhamisi: "Kesho mvua itanyesha?"

Wewe saa nne hutoka kupeleka mikate kantini ya hospitali, na hurudi kabla ya saa sita. Ndivyo ilivyokuwa nikiwa nyumbani, au ratiba imebadilika bila mimi kuambiwa? Kama haijabadilika, basi wewe hupo, mimi sipo, na bado mimi nimo jikoni nauliza habari za mvua.

Nieleze. Taratibu tu, sina haraka.

Mumeo


Nyumbani, 13 Mei

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, mikate ikiwa ndani, na kidogo trei nzima iungue. Ungenilipa nini?

Desemba ulisema, nakukumbusha maneno yako: "Mikono yako inashinda ndani ya unga, hiki kitakusikiliza." Nikashukuru. Nikawaambia wateja wangu kuwa mume wangu ananifikiria akiwa mbali. Hukuniambia kwamba na wewe utakuwa unasikiliza. Nilidhani nimeletewa msaidizi, kumbe nimeletewa askari, akakaa juu ya kabati la sukari miezi mitano ananitazama.

Jibu la swali lako ni redio. Naiacha ikiwaka nikitoka ili wapita njia wajue nyumba ina watu. Yule mtangazaji wa asubuhi ana sauti nzito kama yako, na hicho kidude hakina akili, kikisikia dume linaunguruma kinadhani ni mwenye nyumba. Ndiyo hayo tu. Ulikuwa na haja gani ya kutafuta mchawi?

Na kwa kuwa sasa kila neno la jikoni linakufikia, nikuwahi kwa hili. Jirani wa nyuma bado ananiita Mama Tindo. Nimemwambia aache, kama ulivyoagiza tangu mwaka ule. Hasikii. Anasema jina la mtoto si aproni ya kuvaa na kuvua. Wewe miaka sita sasa unaniita "mke wangu" kama unasoma kwenye cheti, nami nimenyamaza. Lakini jirani siwezi kumziba mdomo.

Kula vizuri. Mgongo ukandwe na maji ya moto.

Mkeo


Kambini, 22 Mei

Mke wangu,

Mimi si mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Redio haiwezi kuomba redio izimwe.

Tangu barua yako nimepanda kilimani kila jioni, wenzangu wananiuliza kama nimepata mchumba. Na nimeona haya. Jumatatu, kwa jina langu: "Likizo inaanza lini?" Ijumaa, tena: "Likizo inaanza lini?" Jumatatu iliyofuata, vilevile. Wewe ndiye uliyeiambia Rafiki tarehe ya likizo yangu, nakumbuka, ili ikukumbushe. Sasa niambie, ni mtangazaji gani wa redio anataka kujua siku ninayorudi kwangu? Mimi nawajua watu wawili wanaouliza mwenye nyumba anarudi lini. Mmoja ni mwizi. Mwingine sitamwandika, kalamu yangu ina heshima kuliko hiyo.

Jambo la pili. Mwandiko wako umekuwaje? Wewe ndiye uliyekuwa unawaandikia majirani barua kwa sababu herufi zako zinanyooka. Hii niliyopata imelala upande na kuyumba, nusu ya maneno nimeyakisia. Au barua za mumeo sasa zinajibiwa na mtu mwingine?

Na huyo uliyemtaja, nilishasema na sirudi nyuma. Siku ile nilimwambia sauti yake nisiisikie tena ndani ya nyumba yangu. Mtu anayesimama mbele ya mkaguzi, mafundi wote wanatazama, akasema baba yake ameandika uongo, huyo hana nyumba kwangu. Kwa ajili ya mdomo wake nilivuliwa uongozi wa mafundi, na leo nachomelea vyuma kwenye upepo katika umri huu. Jirani mwambie akuite kwa jina la mikate yako.

Nataka jina la mtu, na silitaki la redio.

Mumeo


Kambini, 22 Mei

Kwako Fundi Simu,

Samahani kwa kukuletea kazi kwa barua, hapa mtandao ni wa kubahatisha. Ile spika uliyotufungia Desemba inanitia wasiwasi. Inasema mimi nimeongea nayo wakati mimi niko mamia ya maili. Nataka unijibu mambo mawili bila kuzungukazunguka. Kwanza, inamjuaje mtu? Pili, inaweza kudanganyika, tuseme na redio?

Haya yabaki kati yetu. Usipite nyumbani kwangu kuuliza.

Mteja wako, mchomeleaji


Dukani, 31 Mei

Mzee wangu, shikamoo.

Barua! Nimeionyesha kwa wateja, wakadhani ni ya mahakama. Usijali, sikuwasomea, na nyumbani sijapita.

Sasa tusikilizane. Hicho kidude hulala sikio moja wazi. Kinasubiri jina lake tu. Ukisema "Rafiki" ndipo kinaamka, kinachukua maneno yanayofuata, kinayatuma kwenye kompyuta kubwa huko mbali. Huko yanakatwakatwa yanageuzwa maandishi, kisha mashine inakisia: huyu anataka nini? Anataka saa, anataka taa, anataka habari ya mvua? Ikishakisia inarudisha jibu. Natilia mkazo neno kukisia, mzee. Haielewi kama mimi na wewe tunavyoelewana. Imesikia watu wengi sana wakiomba mambo, basi inafananisha ombi lako na yale iliyowahi kusikia.

Kumjua mtu ni kazi nyingine kabisa. Hapo haiangalii umesema nini, inaangalia umesemaje. Koo lako, pua yako, kifua chako, jinsi unavyovuta neno. Unakumbuka ile siku nilikusomesha sentensi nne mpaka ukakasirika? Nilikuwa naichukulia kipimo cha sauti yako. Na mama nikamchukulia chake. Inawajua wawili tu. Akija wa tatu, itamwita mgeni, isipokuwa kama sauti yake inafanana sana na mmoja wenu.

Kudanganyika inadanganyika. Ila si kwa redio wala kwa mtu baki anayekuigiza. Watu wa damu moja ndio huisumbua. Kuna ndugu wawili walinirudishia chombo, kila mmoja akiuliza ratiba yake anasomewa ya mwenzake. Je, una ndugu wa kiume, mzee? Sauti zenu zinafanana?

Usiumize kichwa. Gusa lile ombi kwenye orodha, chini yake kuna alama ya sikio. Ukiibonyeza utasikia sauti yenyewe iliyorekodiwa. Ikimaliza, simu itakuuliza: "Je, huyu ni wewe?" Hapo ujibu kwa makini. Ukisema ndiyo, itaendelea kumchukua mtu huyo kuwa wewe. Ukisema hapana, itajifunza kumtenga.

Ukitaka spika nyingine wahi, mimi nimebakiwa na moja tu.

Fundi wako


Nyumbani, 1 Juni

Mume wangu,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto. Ndiyo siri ya mwandiko.

Machi, siku ile niliyokwambia nimeshikwa na mafua, nilikuwa nimeteleza bafuni nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Nilifungwa plasta wiki saba. Imetolewa, lakini vidole bado havijarudi, kalamu inaniponyoka na unga siwezi kuukanda. Sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungeacha kazi siku hiyohiyo, halafu ungenikalia hapa unanung'unika. Mficha uchi hazai, najua. Basi nimeshaufunua.

Mikate haijakosekana kantini hata siku moja. Yupo mtu anayekanda. Anafika asubuhi, anakanda, mimi napeleka, nikirudi nakuta trei ya pili imetoka na meza imefutwa. Ni yeye anayewekea oveni dakika. Nilikudanganya kuhusu redio, naomba radhi kwa hilo. Kwa mengine siombi.

Si mwizi. Na si mwanamume wa aina unayoifikiria, na uliponiandikia lile neno ambalo kalamu yako ina heshima kuliko kuliandika, nililia, halafu nikacheka, halafu nikaichomoa Rafiki kwenye umeme nikaifunika kwa sufuria. Miaka ishirini na nane nimelala ubavuni kwako, nawe unaamini kidude kuliko mimi. Nimeumia, nakwambia wazi.

Jina lake sitaliandika. Nilimwahidi, na pia nakuogopa. Siogopi mkono wako, hujawahi kuniinulia. Naogopa neno lako, maana ukishalitoa unalilinda hata likikuumiza mwenyewe.

Nikwambie hili moja tu. Anauliza likizo yako ili ajue siku ya kuondoka. Hataki umkute, mkakorofishana mbele yangu. Ameshafungasha. Tarehe ishirini na saba hatakuwepo, na wewe ishirini na nane utaikuta nyumba yako vilevile ulivyoiacha, mimi, oveni, na kimya. Utaridhika.

Mkeo


Kambini, 9 Juni

Mama Tindo,

Dereva wa lori ameniletea barua mbili kwa pamoja, yako na ya fundi simu. Nilianza na ya fundi, kwa sababu yako niliiogopa.

Aliuliza kama nina ndugu wa kiume. Unajua nilizaliwa peke yangu. Nikakaa na swali hilo bwenini, wenzangu wanacheza karata, mimi nahesabu watu wa damu yangu walio hai. Hesabu haikunichukua muda. Nilifika kwa mmoja, nikarudi nyuma, nikahesabu upya kana kwamba nilikosea. Ndipo nikaifungua yako.

Nilipanda kilimani na foleni ilikuwepo. Niliwaambia wote watangulie. Waliponiachia nafasi nikagusa ile Ijumaa, nikabonyeza alama ya sikio.

Mama Tindo, nilijisikia mimi. Wallahi nilidhani simu inanirudishia maneno niliyowahi kusema mwenyewe. "Rafiki, likizo inaanza lini?" Koo ni langu, na ule uvivu wa mwisho wa neno ambao marehemu mama alikuwa akinigombeza nao. Rafiki ikajibu kwa adabu zote: "Likizo yako inaanza tarehe ishirini na nane Juni." Trei ikagonga. Halafu ile sauti yangu ikasema, polepole, kama mtu anayejisemea: "Siyo yangu. Ya baba."

Na Rafiki ikasema: "Samahani, sijaelewa."

Nimeisikiliza mara nyingi, sitakutajia ngapi. Miaka sita sijamsikia mtoto akiniita baba, na safari hii hakuwa akiniita mimi, alikuwa akimsahihisha mdudu wa plastiki. Hakujua kuwa nasikia. Mtu asiyejua kuwa anasikilizwa hana sababu ya kujipendekeza.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kulitamka, hata ndani ya chumba chetu. Lile jukwaa la mafundi lililoanguka sikulikagua. Asubuhi ile niliitia sahihi fomu ya ukaguzi nikiwa ofisini, kwa sababu nilichelewa na nilijiamini. Mwenzetu akavunjika mguu. Mkaguzi alipouliza mbele ya watu, nilisema nimelikagua bolti kwa bolti. Ndipo yule kijana, aliyekuwa kibarua wetu pale, akasema, "Baba, hukupanda." Maneno mawili. Sikumfukuza kwa sababu alikosa adabu, ingawa ndivyo nilivyokueleza na ndivyo nilivyojieleza. Nilimfukuza kwa sababu alisema kweli, tena kwa sauti yangu mwenyewe, na kila mtu pale alijua ni sauti iliyopaswa kutoka mdomoni mwangu. Nilimkataza sauti yake isisikike nyumbani. Sikujua kuwa nilikuwa najikataza yangu.

Wewe nilikushuku. Nilikaa kilimani nikipanga mambo ya aibu kichwani, nikakuweka wewe ndani yake, kwa sababu ya maneno machache ya kwenye simu. Mashine ilikosea jina, haikukosea damu. Mimi nilikosea yote mawili. Nisamehe. Ukiona haistahili kusamehewa upesi, nisamehe taratibu, lakini anza.

Mkono wako nitaukanda mimi kwa maji ya moto kila jioni. Kuninung'unikia ruhusa unayo.

Sasa ile habari ya simu. Sauti ilipokwisha, simu iliniuliza kama fundi alivyosema: "Je, huyu ni wewe?" Ndiyo au hapana. Kidole changu kilikaa hewani muda mrefu. Ndiyo ingekuwa rahisi, mambo yangeendelea kimyakimya, aingie jikoni kwa jina langu na kutoka kwa jina langu kama mtu anayekopa koti. Hapana niliiogopa, kwa sababu fundi alisema itamtenga, na nimeshamtenga mara moja.

Nikabonyeza hapana. Si mimi. Yeye ni mtu kamili, na kwa hilo la kusema kweli amenizidi.

Basi simu ikauliza tena, na hili fundi hakuniambia: "Huyu ni nani?" Ikanipa majibu mawili nichague. Mgeni. Mtu wa nyumbani.

Chomeka Rafiki kwenye umeme, toa hiyo sufuria. Itamwomba asome sentensi nne. Mwambie asome vizuri, asiwe na papara kama baba yake. Jina lake nimeshaliandika mimi, akimaliza itamwamkia kwa jina hilo. Na mwambie afungue mizigo yake. Tarehe ishirini na nane nitabisha hodi mlangoni kama mtu mwingine yeyote. Wewe kaa tu jikoni. Nataka yeye ndiye aitikie.

Baba Tindo